Kukakamaa kwa Mchukuzi: Tahakiki ya Katuni ya Mwanafunzi

Kazi inayohakikiwa hapa ni fupi: sekunde 20 za katuni iliyohuishwa, iliyochorwa na kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye ndiyo kwanza anaanza sanaa hii. Mchukuzi, au kuli kama aitwavyo sokoni, ajitwika gunia la viazi begani, apenya katika umati wa Mtaa wa Kongo huku akipaza sauti, "Pisha! Pisha!", kisha atua mzigo wake mbele ya Soko la Kariakoo. Jina la mchoraji halina haja ya kutajwa, kwa sababu kasoro zake ni za wanafunzi wengi.

Walioitazama kazi hii mwanzo walimwambia kwamba mchukuzi wake "ni mkavu", wakamshauri aongeze michoro. Shauri hilo ni la hasara. Filamu hupita kwa kasi ya picha 24 katika sekunde moja, na aghalabu kila mchoro hushikiliwa kwa picha mbili, hivyo michoro 12 yatosha sekunde. Kwa kazi hii hiyo ni michoro 240. Akiifikisha 480 atakuwa amepoteza majuma kadhaa, na mchukuzi atakakamaa vile vile, ila kwa ulaini zaidi. Wanyama wa Tinga Tinga Tales, mfululizo uliotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwa kufuata michoro ya Tingatinga ya Dar es Salaam, ni bapa kama waliokatwa katika karatasi, walakini wana uhai.

Kiswahili chenyewe chatenga mambo ambayo neno "ukavu" huyachanganya. Kilichoganda hakiendi. Kilichokakamaa chaweza kwenda, tena kwa kasi, lakini hakikunjiki. Mchukuzi huyu hakuganda. Amekakamaa, na mahali alipokakamaa paweza kuonyeshwa kwa kidole. Anapoondoka, kichwa, bega, mkono, nyonga na mguu vyote huanza katika mchoro mmoja; anaposimama, vyote hukoma pamoja. Mwili wa mtu hauendi hivyo. Nyonga hutangulia, bega hufuata, mkono huchelewa, na kiganja huwa cha mwisho kufika. Mchoraji akikichelewesha kiganja kwa michoro miwili tu, na gunia kwa mitatu, nusu ya ukavu itaondoka pasipo kuongezwa mchoro hata mmoja.

Kosa kubwa zaidi ni la uzito. Mwenye kubeba mzigo mzito hupiga hatua fupi, magoti yake hayanyooki kabisa, na muda ambao nyayo zote mbili zimo ardhini huwa mrefu kuliko wa mtu asiyebeba kitu. Kiwiliwili huinama upande usio na mzigo, na mkono ulio huru hutoka nje kutafuta mizani. Mchukuzi wa katuni hii hutembea wima, hatua moja kwa michoro sita, yaani nusu sekunde kamili, nao ni mwendo wa askari wa gwaride. Mkono wake wa pili wapunga mbele na nyuma kana kwamba aenda harusini.

Yamkini mchoraji aliuhisi upungufu huo, kwani amejaribu kuutibu kwa kulibonyeza na kulirefusha gunia kila hatua. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza katika zile 12 zilizoelezwa na Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, katika kitabu chao cha mwaka 1981. Kanuni ni njema, lakini gunia la viazi silo mahali pake. Kinachobonyea na kurefuka ni mpira, shavu, tumbo. Viazi hubingirika ndani ya gunia, vikaenda mrama kama shehena isiyofungwa vyema, navyo humvuta mbebaji upande ule ule baada ya yeye kwisha kugeuka. Hapo ndipo uzito unapoonekana.

Chanzo cha kasoro hizi si uvivu. Kijana huyu amelelewa na katuni za magazeti, nazo zilikuwa na mabingwa: Chakubanga wa Christian Gregory katika Uhuru, Madenge na Lodi Lofa wa Philip Ndunguru katika Sani, na Kipanya wa Masoud Kipanya. Katika sanaa hiyo mchoro mmoja waweza kubeba kisa kizima, hivyo kila mkao hauna budi kuwa wazi na kamili. Yeye amechora mikao sita ya mchukuzi ambayo kila mmoja, peke yake, ungestahili kuchapwa gazetini. Kisha akaijaza nafasi iliyo kati kwa vipimo sawasawa, kama mtu apandaye mahindi kwa kamba. Katika uhuishaji nafasi za kati ndizo zenye kusema. Michoro ikikaribiana, mwili waanza au watulia. Ikiachana, mwili waenda mbio. Mchoraji wa gazeti hakuhitaji kulijua jambo hilo, wala hakulaumika kwa kutolijua.

Kinywa chastahili maelezo marefu zaidi, maana vielelezo vya midomo ambavyo wanafunzi huiga vimepangwa kwa sauti za Kiingereza. Katika neno "pisha" mkazo uko katika silabi ya kwanza, kama ilivyo desturi ya Kiswahili kukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Mchoraji ameutambua mkazo huo, akakipanua kinywa kwa "pi" na kukifinya kwa "sha". Imekuwa kinyume. Sauti p hufunga midomo. Irabu i hutamkwa kinywa kikiwa chembamba. Ni a ya mwisho, isiyo na mkazo, ipanuayo taya. Nguvu ya sauti, basi, haina budi kuonekana kwingine: katika mishipa ya shingo, katika nyusi, katika kidevu kinachosukumwa mbele. Hata mkono una wakati wake. Adam Kendon na David McNeill, waliochunguza ishara za wasemaji, walionyesha kwamba pigo la mkono hutangulia silabi yenye mkazo au huenda sambamba nayo, wala halibaki nyuma. Mchukuzi huyu anena kwanza, ndipo mkono waondoka, mfano wa mtu aliyekumbushwa.

Kilichochorwa vizuri kupita vyote ni jengo. Miavuli ya zege ya soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lile lililoungua Julai 2021, imechorwa kwa subira na mapenzi, hata vivuli vyake vyaanguka panapofaa. Ni kejeli kidogo: mahali penye jina litokanalo na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, jengo limetunzwa kuliko mpagazi.

Mchoraji asiambiwe airudie kazi yote. Sekunde nne za mwisho, pale gunia litulapo, zatosha: michoro 48. Aende Kariakoo asubuhi pasipo karatasi, amtazame kuli mmoja baada ya mwingine, ahesabu kimoyomoyo tangu magoti yakunjike hadi gunia liguse chini. Kisha ahesabu tena tangu liguse chini hadi mgongo unyooke. Achore kwanza gunia peke yake, bila mtu, mpaka litue kwa uzito; ndipo mtu achorwe kulifuata. Jengo na umati vingoje.