Mshika Amana wa Filamu

Siku ya kwanza ya kurekodi ikiwa bado mbali, mtayarishaji wa filamu hukaa na mswada na kalamu. Kila ukurasa huugawa vipande vinane. Mtu kufungua mlango ni kipande kimoja. Ugomvi wa sokoni huenda ukala kurasa mbili. Ukurasa mzima hukadiriwa kuwa dakika moja kwenye kioo. Kwa hesabu hiyo hujua ni waigizaji gani waitwe Jumatatu, gari gani likodiwe na chakula cha watu wangapi kipikwe.

Kazi hii haipewi heshima inayostahili, ingawa Hollywood inaijua thamani yake: Oscar ya filamu bora hukabidhiwa watayarishaji, si mwongozaji wala nyota.

Njia ya kuifikia haina mkato. Wengi huanza kwa kutumwa: kuleta chai, kuwazuia wapita njia wasiingie kwenye picha, kumpokea mwigizaji stendi. Anayerudi na chenji kamili pamoja na risiti hupewa asimamie magari, kisha fedha za matumizi ya siku, kisha ratiba nzima. Ndivyo anavyolelewa mshika amana, kwa sababu mwishowe atabeba fedha za mfadhili, jasho la mafundi na hadithi ya mtunzi. Kathleen Kennedy, kwa mfano, alianzia kwenye kituo cha televisheni cha San Diego, akawa msaidizi wa mwongozaji Steven Spielberg, na mwaka 1982 akawa mtayarishaji wa filamu ya E.T. Mwaka 2012 alikabidhiwa uongozi wa kampuni ya filamu ya Lucasfilm.

Kwetu Tanzania, mfano mzuri wa kazi hii ni Vuta N'kuvute, filamu ya Amil Shivji iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Shivji alikuwa ameshatayarisha filamu ya Aisha, iliyoongozwa na Chande Omar, na kuongoza T-Junction. Safari hii kampuni yake, Kijiweni Productions, ilishirikiana na Big World Cinema ya Afrika Kusini, ya Steven Markovitz, mmoja wa watayarishaji wa Rafiki, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, mwaka 2018.

Hadithi yenyewe ni ya Unguja ya miaka ya 1950, na hapo ndipo mtayarishaji hutoka jasho. Kichochoro cha Mji Mkongwe leo kina nyaya za umeme, madishi ya televisheni, pikipiki na mabango ya kampuni za simu, na kila kimoja kina mwenyewe wa kuombwa. Lazima mtu abishe hodi, asalimie, akubali kuketi, ndipo amweleze bibi mwenye nyumba kwa nini dishi lake lishushwe siku mbili. Adhana nayo ina nyakati zake, na mazungumzo ya waigizaji hayarekodiwi juu yake. Ratiba ndiyo inayopisha. Mtazamaji akiiona Unguja ya kikoloni haina dosari, ajue kuna aliyezunguka mlango kwa mlango kuiombea nafasi.

Filamu ilioneshwa katika tamasha la Toronto Septemba 2021. Mwaka uliofuata Tanzania iliiteua kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa, na hadi hapo nchi ilikuwa imewahi kupeleka filamu moja tu, Maangamizi, mwaka 2001.