Chungu cha Chuma cha Mama Mkwe

Chungu cha chuma cha kusubu, kile kizito chenye mfuniko ambacho Wamarekani hukiita Dutch oven, hakimfai mwenye haraka. Ukikiteleka sasa, utakaa kitambo kabla hujasikia lolote. Chetu kina kilo sita hivi pamoja na mfuniko wake. Kilikuwa cha bibi yake mke wangu, katika vilima vya Tennessee, kikaenda kwa mama mkwe, na sasa kiko jikoni kwetu Ohio. Mama mkwe alipokikabidhi hakutoa hotuba ya ukoo. Alisema tu, "Usikilaze na maji."

Wengi hudhani chuma hupitisha moto upesi. Sivyo. Alumini ya sufuria zetu za kila siku hupitisha joto kiasi cha mara nne zaidi kuliko chuma hiki. Ndiyo maana sufuria huchemka upesi na kupoa upesi. Ukitumbukiza nyama baridi, mafuta hunyamaza na nyama huanza kutoa maji, ikajichemsha badala ya kukaangika. Chuma kinakusanya joto polepole ndani ya unene wake, na kikishalishika hakiliachii. Kwa hiyo kazi huanza kwa moto mdogo, chungu kitupu, mpaka joto lisambae hadi kwenye kingo. Anayewasha moto mkali ili kufupisha safari ataunguza katikati na kuacha pembeni pabichi.

Chukua shingo ya mbuzi. Ikaushe kwa kitambaa, ipake chumvi, uipange chunguni vipande vichache vichache, kisha mikono yako ikae mbali. Hapo ndipo utamtambua mpishi. Nyama itang'ang'ania chuma mwanzoni, na asiyekizoea ataanza kuikwangua. Iache. Ikishapata rangi ya kahawia itajibandua yenyewe. Toa, tia vingine, kisha vitunguu. Maji ya vitunguu ndiyo yatakayoyeyusha kile kilichogandia chini, na utamu wote wa mchuzi umo humo. Tangawizi, kitunguu saumu, bizari, maji kidogo tu, mfuniko juu, halafu ndani ya oveni ya nyuzi 150 kwa saa tatu. Mfuniko ni mzito kiasi kwamba mvuke hautoki ovyo: unapanda, unagonga chuma, unarudi matone. Zile nyuzi ngumu za shingo hugeuka ulojo, mchuzi ukawa mzito bila unga wala viazi.

Ndani ya chungu ni peusi, na weusi huo si rangi ya dukani. Ni mafuta yaliyopakwa utando mwembamba, yakachomwa kwenye joto la nyuzi mia mbili na zaidi mpaka yakabadilika yakawa ganda gumu, tabaka juu ya tabaka. Ganda hilo ndilo linalozuia kutu na kufanya yai liteleze. Msomaji wa pwani ameshaanza kuuliza: mafuta gani? Naam, ya nguruwe. Tennessee ya zamani haikuwa na mengine ya kuyasifia. Basi tulilivua ganda lote kwa kostiki soda, glavu mikononi na madirisha wazi, chuma kikabaki na rangi yake ya kijivu. Tukakiosha mara saba, moja kwa udongo, kama wanavyofanya Mashafii. Kisha tukaanza upya kwa mafuta ya mimea: unapaka, unafuta kana kwamba umekosea kupaka, unakifudikiza ndani ya oveni yenye moto mkali kwa saa nzima, unakiacha kipoe humohumo, unarudia. Niliogopa mama mkwe angeona tumefuta kazi ya mama yake. Alicheka. Yeye naye aliwahi kukivua na kukichoma upya, kilipokaa ghalani kikashika kutu.

Vyombo hivi vimerithishwa tangu zamani. Mary Washington, mama yake rais wa kwanza wa Marekani, aliandika wosia mwaka 1788 na hakusahau vyombo vyake vya jikoni vya chuma, aliwagawia wajukuu. Havikuwa vitu vya kupuuzwa. Waingereza walikuwa wakisubu vyungu vya chuma kwa kalibu za udongo, kazi ya taratibu na ya gharama, mpaka Abraham Darby wa Bristol, fundi aliyezoea kusubu shaba, alipopata hataza mwaka 1707 ya kutumia mchanga. Miaka miwili baadaye, huko Coalbrookdale, akaanza kuyeyusha chuma kwa koki badala ya makaa ya miti. Vitabu vya historia humweka mwanzoni mwa mapinduzi ya viwanda. Mimi namheshimu kwa sababu alichokuwa akitafuta ni chungu chepesi na cha bei nafuu.

Vyungu vya aina hii vya kambini vina miguu mitatu na mfuniko bapa wenye ukingo, ili makaa yakae juu na majivu yasiingie chakulani. Aliyekulia Unguja au Lamu hahitaji kufafanuliwa hapo. Wali ukikauka maji unapunguza moto wa chini na kuupalia kwa juu. Mkate wa kumimina nao huiva kwa makaa ya juu na chini. Kanuni ni ileile, ila bati jepesi hupindika na kuunguza upande mmoja, na chuma hakipindiki. Siku hizi pilau yangu inamalizikia ndani ya oveni, na ukoko wake unatoka sawasawa toka ukingo hadi ukingo. Kwa ukoko huo peke yake ningekibeba chungu hiki hadi Mombasa.

Mwaka 2006 mwokaji wa New York, Jim Lahey, alipata umaarufu gazeti la New York Times lilipochapisha mapishi yake: unga usiokandwa, ulioachwa usiku kucha, unaokwa ndani ya chungu kilichopashwa moto na kufunikwa. Mvuke wa donge lenyewe hulainisha ngozi ya mkate mpaka umeshaumuka. Nimeuoka. Ni mzuri, ingawa kwa chai ya maziwa bado nachagua mkate wa kumimina.

Ukwaju na nyanya vikikaa chunguni kwa saa nyingi hula ganda na kuacha ladha ya chuma. Mimi huvitia mwishoni. Wanaotaka kupika nyanya kutwa wana vile vya Le Creuset, vinavyotengenezwa Fresnoy-le-Grand, Ufaransa, tangu 1925, ambavyo chuma chake kimevikwa kioo cha rangi. Vinapendeza, lakini kioo kikibanduka hukirudishii nyumbani.

Ukiletewa chungu kikuukuu, usikitazame rangi. Kining'inize kwa mpini wake ukigonge kwa mwiko. Kikilia kama kengele, ni kizima; mlio ukifa papo hapo, kina ufa. Chenye kutu kichukue, hata kiwe chekundu chote. Chenye ufa kipandie maua.