Kirabo Anapaa, Halafu Nini?

Ukimpa mtoto wa miaka kumi na miwili uwezo wa kupaa, ukurasa unaofuata unakudai. Msomaji anataka kujua ataruka kwenda wapi, atamwokoa nani, adui yake ni nani. Ndivyo vitabu vya vijana wenye nguvu za siri vilivyotuzoeza: kijana mwenye majeraha ya nyumbani anagundua kwamba si kama wengine, anapata wenzake wa aina yake, anapata mwalimu mkali, na mwishoni anasimama uso kwa uso na jitu.

Jennifer Nansubuga Makumbi, mzaliwa wa Kampala anayeishi Manchester, alilichukua deni hilo akakataa kulilipa. Riwaya yake The First Woman ilitoka mwaka 2020 kwa Oneworld huko Uingereza, na kwa Tin House huko Marekani ikiitwa A Girl Is a Body of Water. Mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Jhalak. Ina msichana anayepaa. Hapigani na jitu wala haokoi mji. Kwa kurasa zaidi ya 400 uwezo huo haumfanyii kazi yoyote ambayo mtu mwingine angeiita kazi, na bado ukiung'oa, kitabu kinaanguka. Mimi niliianza kwenye teksi (huku kwetu matatu ndiyo huitwa teksi) na nilipofika Ntinda nilikuwa bado najiuliza Makumbi amefanyaje.

Kirabo, jina ambalo kwa Kiganda maana yake ni zawadi, analelewa na babu na bibi yake, Miiro na Alikisa, katika kijiji cha Nattetta, Bugerere. Ni mwaka 1975, Idi Amin yuko madarakani. Baba yake, Tom, anaishi Kampala. Huja kutembea, akaondoka. Mama hatajwi. Ndani ya Kirabo wamo wawili: mmoja anayetaka kupendwa na kila mtu, na wa pili ambaye mambo yakimzidi humtoka mwilini akapaa.

Sasa angalia mahali Makumbi anapoanzia. Haanzi na kupaa. Anaanza na mtoto anayesimulia hadithi jioni, mbele ya vijana wa nyumbani wanaomzidi umri na wasio na subira naye. Mganda hufungua hadithi kwa "Awo olwatuuka", na hadhira hudaiwa jibu, kama vile sisi tunavyosema "Paukwa" tukasubiri "Pakawa". Asiyejibiwa hana hadithi. Kwa hiyo kabla hatujajua kwamba huyu mtoto ana nguvu, tumeshajua kwamba ana njaa ya kusikilizwa, na tumeona jinsi swali la mama yake lilivyo karibu na ngozi. Kupaa kunapokuja, kunakuja mahali pa machozi. Msomaji anakupokea kwa moyo kabla akili haijauliza kama jambo hilo linawezekana.

Halafu kuna suala la sentensi, na hapa ndipo waandishi wengi wachanga huharibu. Chukua sentensi mbili zangu mwenyewe. Ya kwanza: "Alijihisi akipaa juu ya migomba." Ya pili: "Alipaa juu ya migomba." Ile ya kwanza imemwachia msomaji mlango wa uani, akitaka anatoka, anasema mtoto alikuwa anaota. Ya pili imefunga. Makumbi anasimulia kwa nafsi ya tatu iliyobanana na Kirabo, na kupaa kunaelezwa kwa sauti ileile inayoeleza uji na wageni waliofika. Hakuna "kana kwamba". Lakini akishaufunga mlango huo, anafungua dirisha upande wa pili: hakuna shahidi. Mwili uko chini kati ya watu wakati yule wa pili yuko juu, na hakuna anayenyanyua kichwa. Daktari akisoma ataona mtoto aliyeachwa na mama akijinusuru kwa kutoka ndani ya nafsi yake. Bibi wa kijijini akisoma ataona kitu kingine, naye hatakosea. Maandishi yanabeba usomaji wa aina zote mbili bila kutetereka, kwa sababu msimulizi hasemi zaidi ya anachokijua Kirabo.

Ndipo Kirabo anakwenda kwa Nsuuta. Kwangu hiki ndicho kitovu cha ufundi wa kitabu.

Nsuuta ni mwanamke mzee, kipofu, jirani, anayesemwa kuwa mchawi. Kirabo anamwendea kwa siri, maana bibi yake na Nsuuta hawaelewani tangu zamani. Anakwenda kama mtu aendaye zahanati. Ana haja mbili: nisaidie nimpate mama, na niondolee huyu wa pili. Hakuna kijana katika riwaya za aina hii ninazozikumbuka anayeanza kwa kuomba nguvu zake zitibiwe namna hii, kwa adabu, akiwa amekaa chini. Nsuuta anamjibu kwamba si ugonjwa. Ni hali ya asili, anasema, namna wanawake walivyokuwa kabla hawajafinyangwa wawe wadogo. Kwa wengi imepotea, kwa wachache huibuka. Kwa jibu hilo moja kipaji cha mtoto mmoja kinageuka kuwa suala la historia ya nusu ya watu wote.

Ili kulieleza, Nsuuta anarudi kwa Nnambi. Kila Mganda anaijua habari hii: Nnambi binti wa Ggulu alishuka kutoka mbinguni na Kintu mumewe, wakaonywa wasirudi nyuma, yeye akakumbuka ulezi wa kuku wake akarudi, na kaka yake Walumbe, ambaye ndiye Kifo, akamfuata hadi duniani. Kaka mwingine, Kayikuuzi, akatumwa kumkamata. Walumbe akazama ardhini Ttanda, na mashimo yake unaonyeshwa hadi leo ukichukua barabara ya Mityana. Kwa maneno mengine, kifo kiliingia kwa sababu ya mwanamke msahaulifu. Nsuuta anaisimulia asili hiyo kwa upande mwingine: mwanamume alijitwalia nchi kavu, mwanamke akahesabiwa kuwa kiumbe wa maji, asiye na pa kukanyaga wala cha kumiliki. Jina la toleo la Marekani limetoka hapo.

Sehemu ya "kueleza masharti" huwa ndiyo mbovu kuliko zote katika vitabu vya nguvu za ajabu. Mzee mwenye ndevu anaketi, anahutubia kurasa kumi, msomaji anasinzia. Nnedi Okorafor, katika Akata Witch ya mwaka 2011, aliitatua kwa uchangamfu: Sunny na wenzake wanapojifunza jambo, fedha za chuma ziitwazo chittim zinawadondokea kutoka hewani. Elimu inalipa papo hapo, na mtoto anayesoma anahesabu pamoja nao. Ni hila safi sana. Makumbi ameitatua kwa njia ya giza zaidi. Mwalimu wake ana kesi yake mwenyewe. Nsuuta alikuwa rafiki mkubwa wa Alikisa utotoni, na ana historia na Miiro. Kwa hiyo kila somo analompa mjukuu ni pia hatua katika ugomvi wa wazee. Anamwambia ukweli, au anamteka mjukuu wa mwenzake? Tunasikiliza kwa makini kwa sababu hatumwamini kabisa. Wanaotaka kuandika mahubiri ndani ya riwaya wazisome kurasa hizo kwa kalamu mkononi.

Mbinu ya kuacha maelezo zaidi ya moja yasimame, Makumbi alishaijaribu. Katika Kintu, riwaya iliyopata tuzo ya miswada ya Kwani Trust ya Nairobi mwaka 2013 na kuchapishwa mwaka 2014, Suubi anaandamwa na pacha wake aliyekufa, na ukoo mzima umebeba laana tangu mwaka 1750. Huko nako kila mwanafamilia ana jina lake la ugonjwa: mlokole ana lake, aliyesoma ana lake, wazee wa ukoo wana lao. Mwandishi hachagui.

Sisi wa Kiswahili tuna kipimo chetu cha zamani. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, ya mwaka 1952, Adili anawachapa manyani wawili kila usiku, na manyani hao ni ndugu zake waliogeuzwa kwa uovu wao. Muujiza pale ni hukumu: umetenda, umelipwa. Kwa Kirabo hakuna kosa wala malipo. Amezaliwa hivyo. Msomaji aliyelelewa na Shaaban atatafuta mizani na hataipata, na nadhani ndiyo sababu baadhi ya wenzangu walikiweka kitabu chini kabla ya katikati.

Neno moja kuhusu maneno. Makumbi anaandika Kiingereza lakini anaacha dhana zake kuu katika Kiganda. Mojawapo ni kweluma. Mswahili hahitaji kamusi: kuluma ni kuuma, na hiyo "e" ni "ji" yetu. Kujiuma: waliobanwa wanapokosa wa kumuuma, wanaumana wenyewe. Nyingine ni mwenkanonkano, usawa, ambalo katika kitabu ndilo jina la harakati ya haki za wanawake, iliyokuwapo kabla Ulaya haijaileta na jina lake. Maneno haya mawili yanafanya kazi ambayo kupaa hakufanyi. Kupaa kunauliza swali. Kweluma ndiyo inayojibu kwa nini bibi na Nsuuta wamekosana, na kwa nini Nnambi wa Kampala, mke wa Tom aliyepewa jina lile la mama wa wote, hataki kumwona mtoto wa mwanamke mwingine mlangoni pake.

Kampala ndipo kitabu kinapochukua hatari yake kubwa. Kirabo anahamia mjini, anaingia shule ya bweni ya wasichana, anapenda, anafiwa, na yule wa pili anarudi nyuma hata unamsahau. Kuna hoja nzuri ya kulitetea jambo hili. Katika mji ambao watu walitiwa kwenye buti za magari wakapelekwa Nakasero, kwa makachero wa Amin, wasirudi, nguvu za kutisha zisizoonekana zilikuwa mikononi mwa serikali. Msichana anayetoka mwilini mwake hakuwa ajabu ya kwanza. (Kiswahili nacho kilikuwa lugha ya wenye bunduki. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, majeshi kutoka Tanzania yakaingia Kampala Aprili 1979 yakikisema, na wapo Waganda ambao hadi leo wakikisikia usiku wanatazama mlango.) Lakini ufundi hautetewi kwa historia peke yake. Sura za shule ni ndefu kuliko uzito wake, na kipaji kilichofungua kitabu kwa kishindo kinakaa benchi muda mrefu mno. Lawama yangu nyingine ni kwa Nsuuta mwenyewe, ambaye mara mojamoja anaongea kama aliyetoka kwenye semina ya Makerere. Nadharia yake imekunjwa vizuri kupita kiasi, nami nilitamani akwame mahali, asijue.

Kinachookoa ni sehemu ya nne. Makumbi anaturudisha hadi mwaka 1934, tunawakuta Alikisa na Nsuuta wenyewe ni wasichana wadogo, marafiki wa chanda na pete, wakiwekeana ahadi ya kuolewa na mwanamume mmoja ili wasitengane. Kila tulichofundishwa kuhusu hali ya asili kinasomeka upya, maana sasa tunaijua bei aliyoilipa mwalimu. Wala hakuna anayehitaji kupaa.

Mwenye siku mbili tu za kusoma asome sehemu ya kwanza na ya nne, kwa mfuatano huo, na sura za shule aziachie likizo.