Kulipima Wazo la Habari Kutoka Ngara na Biharamulo

Mhariri wa dawati la mikoani, Dar es Salaam, kama mimi, husoma pendekezo la mwandishi kwenye simu huku kurasa za kesho zikimsubiri. Lugha tamu haimsaidii kitu. Anachotaka kujua ni kama mwandishi huyu ana habari au ana mada tu.

“Hali ya wakimbizi Ngara” ni mada. “Nikeli ya Kabanga” nayo ni mada. Hakuna anayeweza kuzipinga wala kuzithibitisha, na huo ndio udhaifu wake. Pendekezo zuri huwa na dai au swali ambalo mwandishi, akifika mahali penyewe, anaweza kukuta limekwenda kinyume na alivyodhani.

Chukua Benaco, iliyokuwa kambi ya wakimbizi wilayani Ngara. Mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo, mpakani, na kuingia Tanzania ndani ya saa 24 hivi. Wakati ule idadi peke yake ilikuwa habari, na waandishi wa kigeni walimiminika. Desemba 1996 wengi walirejeshwa Rwanda. Mwandishi wa leo anayependekeza “Benaco miaka thelathini baadaye” amenitajia kalenda tu. Lakini mwingine akiniandikia hivi, naacha shughuli nyingine zote: “Miti ilikatwa kwa ajili ya kuni. Nataka kujua kama imeota tena, nani anailima ardhi ile sasa, na kama waliokuwa na mashamba pale kabla ya 1994 waliyapata tena. Wazee wawili wamekubali kunionyesha mipaka ya zamani kwa miguu.”

Isome tena sentensi ya mwisho. Bila wale wazee, maswali yote matatu ni mazuri lakini yangeweza kuulizwa na mtu yeyote aliyekaa Kinondoni. Wao ndio wanaonionyesha kwamba mwandishi ameshafika, ameshazungumza, na ameaminiwa. Ndiyo maana nasikitika sana ninapogundua, baada ya makala kuchapishwa, kwamba mwandishi anazungumza Kihangaza au Kishubi, lugha za wenyeji wa huko, na hakulitaja hilo kwenye pendekezo. Litangulizwe!

Karatasi nazo zina uzito. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 30 za kujibu ombi. Anayetaka kuandika kuhusu ushuru wa huduma unaotoka mgodi wa dhahabu kwenda halmashauri ya Biharamulo, na anayesema barua ya maombi ameshaiwasilisha na ana nakala yenye muhuri wa mapokezi, yuko mbele ya anayeahidi “kufuatilia wahusika”.

Nikikuta “changamoto”, “wadau” na “wananchi walia na maji” katika aya moja, mara nyingi chini yake hakuna mtu, kijiji wala tarehe. Yafute maneno hayo, kisha uone kilichobaki.

Na gharama iandikwe wazi: nauli ya kutoka Ngara mjini hadi Lusahunga, bodaboda ya kuingia vijijini, usiku wa kulala. Mhariri akiona hesabu hiyo anajua safari imefikiriwa. Mpelekee mhariri mmoja kwanza pendekezo lako, na umtajie siku ambayo, asipojibu, utalipeleka kwa gazeti jingine.