Maneno ya Kisarufi Katika Kamusi za Kiarabu za Kisasa

Kamusi nyingi za Kiarabu hupanga msamiati kwa mizizi. Msomaji hulivua neno viambishi vyake, hubakiza konsonanti za asili, ambazo kwa kawaida ni tatu, kisha huutafuta mzizi huo. Utaratibu huu hufaa sana vitenzi na nomino. Huyumba unapofikia vihusishi, viunganishi na vikanushi, yaani maneno ambayo wanasarufi wa Kiarabu huyaita ḥurūf al-maʿānī. Mengi kati ya hayo, kama bi-, lā na fī, hayana mzizi wa konsonanti tatu.

Tatizo hili si geni. Katika Lisān al-ʿArab, Ibn Manẓūr alipanga mizizi kwa konsonanti ya mwisho, na maneno kadhaa ya aina hii yanayoishia kwa alifu akayakusanya katika mlango wa mwisho. Ibn Hishām, aliyefariki mwaka 1360, aliyatungia kitabu, Mughnī al-labīb, ambacho sehemu yake ya kwanza huyaeleza kwa kufuata alfabeti. Kamusi za kisasa, zikiwemo ile ya Hans Wehr (1952 kwa Kijerumani, 1961 kwa Kiingereza) na al-Muʿjam al-Wasīṭ ya Akademia ya Kairo (1960), huyachanganya na mizizi, kana kwamba herufi zake nazo ni mzizi.

Mpangilio huo una faida yake. Chini ya q-b-l, msomaji wa Kiswahili huona kwa mara moja udugu wa kabla, kubali, kabila, kibla na mkabala. Vilevile hujifunza kwamba baada na baadhi, ingawa hufanana masikioni, hutoka katika mizizi miwili tofauti: b-ʿ-d na b-ʿ-ḍ.

Hata hivyo, ujirani wa herufi si udugu wa maana. Lākin, asili ya lakini, huandikwa kwa herufi tatu tu: l, k na n. Kwa hiyo hukaa kando ya lukna, yaani kasoro ya usemaji, ingawa hayana uhusiano wowote. Mkanganyo huwa mkubwa zaidi kwa maneno ambatani. Bila ni bi- na lā; lakini anayelitafuta chini ya herufi bāʾ, pasipo rejea ya kumwongoza, hufika kwenye mzizi wa balaa. Ili alipate mahali pake, hana budi kujua tayari muundo wa neno analotaka kuelezwa. Kamusi inayodai ujuzi huo kwanza inamhudumia mjuzi na kumwacha mwanafunzi mlangoni.

Kamusi ya Jubrān Masʿūd, al-Rāʾid, iliyotoka Beirut katika miaka ya 1960, ilichukua njia nyingine: kila neno hupangwa kwa herufi yake ya kwanza jinsi lilivyo. Utafutaji umerahisika, ila jamaa wametawanyika: qabla imebaki kwenye qāf, muqābala imehamia mīm, na istiqbāl imekwenda alifu.

Kwa mtaalamu wa Kiswahili, jambo hili si la wapanga vitabu peke yao. Lakini, bila, hata, wala, ila, kabla na baada ni viungo vya sentensi ya Kiswahili kila siku. Tangu kamusi ya Sacleux ya mwaka 1939, asili ya Kiarabu ya maneno mengi imekuwa ikionyeshwa. Kuihakiki kunahitaji kufungua kamusi ya Kiarabu penyewe. Mwanafunzi aliyepotezwa na mpangilio huweza kuandika etimolojia ya uongo kwa nia njema kabisa.

Lililo bora, basi, ni kuudumisha mzizi pale ulipo kweli, kama katika qabla, na kuyapa maneno yasiyo na mzizi vidahizo vyake kwa umbo linaloonekana, pamoja na rejea kwenye sehemu zinazoyaunda. Rejea ya mstari mmoja chini ya bilā haigharimu nafasi kubwa. Kutokuwepo kwake humgharimu msomaji mengi.