Wanja wa Motokaa

Mtu akijenga nyumba hupaka kuta zake rangi aipendayo. Lakini akinunua motokaa hujikuta amenunua uso uliokwisha kuchorwa na mtu asiyemjua. Nyuso hizo hutoka kiwandani kwa maelfu, zimefanana kama mayai ya kuku mmoja, na baada ya kutumika miaka kadhaa huko Japani huvuka bahari na kushushwa Kilindini. Mwenye kuinunua moja aghalabu huipoteza siku ya kwanza aiegeshapo sokoni, kwa kuwa kando yake zimesimama pacha zake tatu. Si ajabu basi kwamba baadhi ya vijana wetu wametafuta mahali pa kutia alama ya mkono wao, na mahali walipopachagua ni penye macho, yaani taa kubwa za mbele. Huzifungua nyumbani, wakapaka rangi ukingo wa ndani unaolizunguka bakuli la kumulikia, kisha wakazifunga tena. Wazee wengi huiita kazi hiyo upuuzi. Mimi naiita sanaa. Na kwa kuwa naiita sanaa, sina budi kuihukumu kama sanaa, nikasema ipi ni njema na ipi ni mbaya, na kwa sababu gani.

Sanaa hii ni changa. Taa za zamani hazikuipa nafasi. Huko Marekani, kuanzia motokaa za mwaka 1940 hadi mwaka 1983, kanuni ziliagiza taa za mbele ziwe zimezibwa pande zote: uzi wa kuwakia, bakuli na kifuniko vilikuwa kitu kimoja, na taa ikifa hutupwa nzima. Kwingineko balbu iliweza kubadilishwa, lakini kifuniko cha kioo kilikuwa kimejaa mifuo ya kuutawanya mwanga, hata mwenye kuchungulia haoni cha ndani ila kivuli. Katika miaka ya 1990 ikaenea namna nyingine ya kutengeneza taa. Kazi ya kuupanga mwanga iliondolewa katika kifuniko ikatiwa katika umbo la bakuli lenyewe, na kifuniko kikawa plastiki angavu kama maji ya kisima. Ghafula ndani ya taa pakawa chumba chenye kuta zinazoonekana. Kuta hizo, ambazo ndizo ukingo ninaousema, kiwanda kwa kawaida huzing'arisha kama fedha.

Kazi yenyewe yataka subira kuliko nguvu. Taa hutolewa garini, balbu na skrubu zikaondolewa, kisha hupashwa moto katika joko la jikoni, kwa kiasi cha nyuzi 100 za Selsiasi au pungufu, mpaka gundi nyeusi iliyokishika kifuniko ilainike kama ubani uliotafunwa. Joto likizidi, plastiki hujipinda. Likipungua, kifuniko hupasuka kinapobanduliwa kwa bisibisi. Zipo taa ambazo gundi yake hailainiki kamwe, na mwenye busara huzirudisha zilikotoka. Ukingo ukiisha kutolewa husuguliwa kwa msasa laini, huoshwa, hupakwa rangi ya kushikia, ndipo ipulizwe rangi yenyewe, tabaka nyembamba juu ya tabaka nyembamba, kila moja ikingojewa ikauke. Mwisho kifuniko hurudishwa kwa gundi mpya bila ya kuacha hata tundu la sindano, maana tundu la sindano latosha kuingiza ukungu. Akina mama wenye majoko wana kesi yao pia, na naona wana haki, kwa kuwa harufu ya plastiki haitoki upesi katika mkate.

Kazi ya kwanza ninayotaka kuihukumu niliiona Nairobi, katika barabara ya Kirinyaga ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, mahali penye vipuri na mafundi tele. Ilikuwa Toyota nyeupe, yenye umri wa kutosha, isiyo na pambo lingine lolote. Ukingo wa taa zake ulikuwa umepakwa weusi usiong'aa. Hayo tu. Nilisimama nikajiuliza kwa nini hayo tu yametosha, na jibu nililipata nilipoitazama jirani yake iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani. Katika ile jirani, ukingo na bakuli vilimeta pamoja, mmeto wa kimoja ukaumeza mmeto wa kingine, hata jicho halikujulikana laanzia wapi. Katika ile iliyopakwa, weusi ulirudi nyuma na bakuli likasogea mbele, likatulia peke yake kama mwezi katika usiku usio na mawingu. Msanii hakuongeza kitu, alipunguza. Hiyo ndiyo kazi ya wanja. Bibi arusi wa Pwani hupakwa wanja kandokando ya jicho, nasi twadhani jicho limekuwa kubwa, kumbe limewekewa mpaka. Sijapata kumwona aliyepakwa juu ya mboni.

Watakuwapo watakaosema kwamba taa ni ya kuonea njia, si ya kutazamwa. Na waende Lamu. Majahazi ya kule hutiwa jicho la mbao la mviringo, lililopakwa rangi, kila upande wa omo, na jicho hilo halijapata kuona mwamba hata mmoja. Hata hivyo jahazi lisilo na macho huonekana limepungukiwa na kitu. Binadamu hakupenda kamwe kusafiri ndani ya chombo kipofu. Lakini kwa jahazi jicho ni pambo tupu, na pambo tupu laweza kupakwa lipendavyo. Jicho la motokaa laona kweli, na hapo ndipo kazi ya vijana wetu inapokuwa ngumu kuliko kazi ya mchora jahazi.

Kazi ya pili naijua kwa karibu zaidi, maana ilifanywa juu ya motokaa yangu mwenyewe. Mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne mwenye mikono myepesi, aliniomba ruhusa wakati wa likizo, nami nikampa bila ya kuuliza mengi. Alichagua nyekundu. Akapaka ukingo, na kwa kuwa ukingo ulimpendeza, mkono ulikataa kusimama. Akaendelea mpaka mdomo wa bakuli, kisha theluthi ya chini ya bakuli lenyewe, ili wekundu uonekane kutoka mbali. Watoto wa mtaa waliizunguka wakishangilia. Mimi nilipoitazama niliona mgonjwa wa macho. Weusi hurudi nyuma. Wekundu husonga mbele, ukagombana na bakuli badala ya kulihudumia. Hayo niliyaona mchana kweupe, nikanyamaza nisije nikamvunja kijana moyo.

Usiku wa siku ya tatu nilikuwa nikitoka Naivasha kurudi Nairobi kwa njia ya Mai Mahiu. Mwanga wangu uliangaza lami hatua chache tu, tena kwa mabakamabaka. Mara mtu aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa akatokea mbele yangu kana kwamba ameota ardhini. Nilimkwepa. Sikumgusa, ila gunia moja lilianguka likapasuka. Nikarudi kumsaidia kuokota makaa yake gizani, na maneno aliyoniambia niliyastahili yote.

Bakuli la taa si ukuta. Limepakwa utando wa alumini, mwembamba mno kuliko karatasi ya sigara, na kazi yake yote ni kuuokota mwanga wa balbu na kuutupa njiani. Hata kidole kikilipitia huweza kuacha doa lisilofutika, seuze rangi. Tena balbu ya wati 55 huwaka kwa moto mkali, na rangi isiyostahimili joto hutoa mvuke unaoganda ndani ya kifuniko kama mtoto wa jicho. Taa zangu zilikuwa na magonjwa yote mawili.

Wengi watasema kosa la mpwa wangu lilikuwa la ufundi, si la sanaa, na kwamba kazi ilikuwa nzuri ila haikufaa. Siafiki. Kosa lilikuwa la sanaa tangu mwanzo, kwa sababu hakujua pambo laishia wapi na kitu chaanzia wapi. Na kosa hilo lilionekana mchana kabla halijaonekana usiku. Lau ningalisema niliyoyaona, tungaliifungua taa siku ile ile. Ninayejiita mhakiki nilinyamaza kwa sababu ya upole, na upole wangu ulikaribia kumgharimu mtu asiyejua hata kwamba nina mpwa.

Kijana alijitetea. "Mjomba," aliniambia, "kila mtu na gari lake." Neno hilo lina ukweli wake kwa kiti, kwa usukani, kwa rangi ya milango. Kwa taa ni nusu tu ya ukweli. Taa ni yangu, lakini mwanga wake huangukia watu wengine. Sisi huendesha upande wa kushoto, kama Wajapani, na kwa hiyo taa zinazotoka kwao zimepangwa sawa kwa njia zetu: mwanga wa chini huinama upande wa kulia, usimpofushe anayekuja, na huinuka kidogo upande wa kushoto, umwonyeshe atembeaye kando. Yule mwenye makaa alikuwa kushoto kwangu. Nafasi ile ya mwanga ilikuwa yake.

Bakuli lililokwisha kupakwa halisafishiki, maana rangi hutoka pamoja na alumini. Nilinunua jozi nyingine iliyotumika, nikamkabidhi. Safari hii alilifunika bakuli kwa kitambaa laini tangu saa ya kwanza, akapaka ukingo peke yake, mweusi, kwa rangi ya kustahimili joto, na akaacha siku mbili zipite kabla ya kufunga. Usiku tuliiegesha mbele ya ukuta mweupe, hatua kumi, tukawasha. Mstari wa mwanga ulilala chini upande wa kulia, ukapanda kushoto bila ya kutetemeka.

Asubuhi aliniita nje. "Mjomba, wasemaje?" Niliinama nikazitazama kwa muda. Nikamwambia kwamba ile ya kulia ni nzuri kuliko yoyote niliyoiona Grogan, na kwamba ile ya kushoto ina tone la rangi lililokauka likining'inia pembeni. Alikunja uso. Kisha akaenda kutafuta bisibisi na msasa.