Kinyozi wa mbwa Kabambare: piga hesabu kabla ya kununua mashine

Vijana wanaiona kazi hii kwenye simu. Mbwa amesimama juu ya meza, anaoshwa, anapulizwa upepo wa moto, ananyolewa, na mwenyewe anatoa fedha ambazo kinyozi wa Kabambare, huku mashariki mwa Kongo, angezipata kwa kunyoa vichwa vya mtaa mzima. Ndipo swali linapozuka: nasi je, hatuna mbwa?

Tunao. Tatizo ni manyoya yao. Ufundi wa kunyoa mbwa umejengwa juu ya aina moja ya manyoya, yale yanayokua bila kukoma, na Poodle ndiye mfano mkuu. Asiponyolewa kila baada ya wiki nne hadi sita, manyoya husokotana, hushika unyevu na kuivuta ngozi mpaka ikafanya vidonda. Mwenye mbwa hana hiari, lazima arudi kwa fundi. Faida ya kazi hii iko kwa mteja huyo anayerudishwa na lazima, wala si katika uzuri wa mtindo.

Poodle mmoja aliwahi kuelekea huku kwetu. David Livingstone alikuwa naye, jina lake Chitane, akazama Januari 1867 msafara ulipokuwa ukivuka kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia. Septemba 1869 Livingstone alipofika Bambarre, ndiyo Kabambare yetu, alifika bila mbwa huyo.

Mbwa aliyeota mizizi katika misitu ya Kongo ni mwingine kabisa: mdogo, masikio wima, mkia umejikunja mgongoni, habweki kama mbwa wengine, na ndiyo maana wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni. Mwaka 1937 Waingereza waliwaonyesha mbwa wa namna hii kwenye maonyesho ya Crufts, London, wakiwaita mbwa wa Kongo. Sasa dunia inawajua kwa jina la Basenji. Manyoya yake ni mafupi, na hujilamba mwili mzima jinsi paka afanyavyo. Hata wafugaji wa Ulaya huona kumpitishia brashi mara moja kwa wiki kunatosha. Si kila mbwa anayezurura sokoni ni Basenji halisi, lakini mwenye manyoya marefu utamtafuta sana. Mashine ya kunyolea haina la kumfanyia mbwa wa hapa.

Tuseme hata hivyo umempata mteja mwenye Poodle. Mashine ya kunyolea mbwa hula umeme mdogo, na paneli ya jua inayoendesha saluni ya watu itaimudu. Kikwazo ni mashine ya kukaushia, inayotaka wati 1,500 au zaidi. Haipatani na paneli ya kinyozi, na bila hiyo kazi haiendi, kwa sababu manyoya yaliyojikunja hukatwa yakiwa makavu na yamenyooshwa. Yakiwa mabichi, wembe hupoteza makali na mkato huja na mawimbi. Fundi asiye na uzoefu husahau pia kwamba wembe hupata moto kadiri unavyofanya kazi; asipousimamisha na kuugusa kwa mkono wake mara kwa mara, ataichoma ngozi ya tumbo.

Kwa mbwa wa hapa kazi iko kwenye ngozi, na hapo ndipo ningemtaka kijana atazame. Kuna kupe, kuna viroboto, na kuna funza. Huyu wa mwisho si wa asili ya Afrika: alishuka Angola mwaka 1872 na meli iliyotoka Brazil, na kabla karne hiyo haijaisha alikwisha kulivuka bara hadi pwani ya mashariki. Hujificha katika nyayo za mbwa, na mayai yake huanguka kwenye vumbi lile lile ambalo watoto hukanyaga pekupeku. Anayesafisha nyayo za mbwa anailinda miguu ya nyumba nzima.

Dawa zinataka akili. Ile ya kuogeshea ng'ombe haimiminwi kwa kukisia. Kipimo kikizidi, mbwa hulegea na anaweza kufa. Permethrin, inayoua viroboto wa mbwa bila shida, ni sumu kali kwa paka wa nyumba hiyo hiyo. Kucha nazo zina mshipa wa damu ndani, kwa hiyo hukatwa ncha tu. Mbwa wa kuwinda huzisaga mwenyewe kwa kukimbia, isipokuwa ile ya pembeni isiyogusa chini, ambayo hujikunja mpaka ikaingia nyamani. Wengi hawaitazami kamwe.

Hatari kubwa iko mdomoni. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza mgonjwa haponi. Anayetaka kazi hii achanjwe kwanza yeye mwenyewe. Hata aliyechanjwa, akiumwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali kupata sindano za ziada.

Jambo jingine halimo katika mafunzo ya Ulaya. Miji ya Kasongo na Kabambare imekuwa na Waislamu tangu siku za mfanyabiashara Tippu Tip, na kwa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hilo halimzuii Mwislamu kufanya kazi, maana Kurani yenyewe inaruhusu mawindo ya mbwa aliyefunzwa. Lakini beseni, taulo na aproni viwe mbali kabisa na vya watu. Mwenye saluni akimnyoa mbwa kwenye kiti cha wateja, kesho yake hana mteja.

Na nani atalipa? Mwindaji huwatoa kupe kwa vidole vyake, bure. Atatoa fedha kwa dawa inayofanya kazi na kwa mkono unaojua kipimo. Kwa hiyo hii ni kazi ya kuongezea juu ya duka la dawa za mifugo, au ya kushirikiana na daktari wa mifugo siku za chanjo. Peke yake haitalisha familia.

Anayependa mkasi hasa aende Nairobi au Dar es Salaam, walipo mbwa wa manyoya marefu na wenyewe wenye fedha, akakae chini ya fundi miezi ya kutosha. Anayebaki Kabambare asinunue mashine ya kunyolea. Anunue glavu, mkasi wa kucha na dawa ya kupe, na kabla ya vyote hivyo achanjwe.